Aliyeharibu alipe: sheria hii imefikaje Lubumbashi?

Lori la shaba likigonga meza ya mama muuza unga kando ya barabara ya Kasumbalesa, ugomvi wa kwanza huwa juu ya mafranga. Alipe nani, dereva au patron, yaani mwajiri wake? Jibu limo katika Kitabu cha Tatu cha Kode ya Raia ya Kongo, sheria inayohusu madai kati ya mtu na mtu. Kifungu cha 258 kinasema kwamba mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, analazimika kuilipa. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Cha 260 kinamfikia patron, kwa kosa la mfanyakazi wake akiwa kazini.

Maneno hayo ni ya zamani kuliko mji wetu. Yaliletwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, enzi ya Léopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, na yamenakiliwa karibu neno kwa neno kutoka vifungu vya 1382 hadi 1384 vya kode ya Napoléon ya 1804, ambayo Ubelgiji iliirithi. Napoléon naye alirithi. Jean Domat, mwanasheria Mfaransa, alikuwa ameshaiandika kanuni hiyo mwaka 1689, na kabla yake Mholanzi Hugo Grotius, mwaka 1625.

Ukirudi nyuma zaidi utakuta lex Aquilia ya Roma, ya karne ya 3 kabla ya Kristo. Sura yake ya kwanza ilimtaka aliyeua mtumwa au mnyama wa mfugo wa mwingine amlipe mwenye mali bei ya juu kabisa ambayo marehemu aliwahi kufikia katika mwaka uliotangulia. Ndiyo, mtumwa na ng'ombe katika sentensi moja, na anayelipwa ni bwana. Wanaosifu sheria ya Kirumi bila kupumua wangefaa kuisoma sura hiyo.

Grotius ndiye aliyeigeuza. Kwake, wajibu wa kulipa hasara unatokana na akili ya binadamu na maisha ya pamoja, haumngojei mfalme autangaze. Mwanafilosofia Mwingereza Thomas Hobbes, mwaka 1651, alishika njia nyingine: pasipo mamlaka ya pamoja hakuna sheria, na pasipo sheria hakuna dhuluma.

Mabishano hayo yanatuhusu sana sisi Wakongo. Mwaka ule wa 1888 dola iliyoandika kwamba kila aliyeharibu alipe ndiyo ilikuwa inajitwalia ardhi ya watu, na baadaye ikawatesa ili wavune utomvu wa mpira. Hata Hati ya Koloni ya 1908, sheria ya Ubelgiji ya kuitawala Kongo, katika kifungu cha 4, ilimwachia mwenyeji asiyeandikishwa katika rejista ya koloni zile haki tu ambazo sheria za koloni na desturi yake zilimtambulia. Tukimfuata Hobbes hadi mwisho, ni vigumu kusema mtawala yule alidhulumu, maana sheria ilikuwa yake. Mimi namfuata Grotius: kanuni ilikuwa ya haki, na kanuni hiyo yenyewe inamhukumu aliyeitia sahihi.

Wala wazee wetu hawakusubiri dekreti. Baraza la kijiji lililipisha mbuzi au kuku kwa shamba lililoliwa na mifugo, na Katiba ya 2006, kifungu cha 153, inaruhusu tribinali kutumia desturi mradi isipingane na utulivu wa umma wala maadili mema.

Kwa mama wa unga, filosofia hiyo yote inashuka hadi mambo matatu ambayo mwenye kudai ndiye anayeyathibitisha: kosa, hasara, na kwamba hasara imetokana na kosa hilo. La tatu linaweza kuangusha kesi. Dereva atasema meza ilikuwa imeshavunjika, au unga ulikuwa umeloa mvua tangu asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kufagia, piga picha, andika namba ya lori na majina ya walioona, na tunza risiti ya magunia. Na usimshtaki dereva peke yake kama patron anajulikana.