"Assassin": neno la Kiingereza lililozaliwa na tusi la Kiarabu

Dhana: Neno "assassin" limetokana na kundi la wauaji waliokuwa wakileweshwa hashishi, yaani bangi, kabla ya kutumwa kuua.

Ukweli: Asili ya neno ni hashishi kweli, mwanazuoni Mfaransa Silvestre de Sacy alilionyesha hilo mwaka 1809. Ulevi ndio hauna ushahidi. Walioitwa hivyo ni Waismailia wa Nizari, tawi la Washia, wafuasi wa Hassan-i Sabbah aliyeitwaa ngome ya Alamut, Uajemi, mwaka 1090. Kuua waliua: mwaka 1192 Conrad wa Montferrat, mfalme mteule wa Jerusalem, alichomwa visu mjini Tyre. Lakini hashishi lilikuwa tusi la mahasimu wao Waislamu, kama sisi tunavyomwita mtu mvuta bangi hali hatujamwona na msokoto. Mahasimu hao waliwaandikia kila ubaya, na bado hawakuandika kwamba walileweshwa ili waue. Kwangu mimi hoja hiyo inatosha.

Hadithi ya vijana wa Alamut kunyweshwa dawa na kuamkia bustani ya pepo ilienezwa Ulaya na Marco Polo, msafiri wa Venice. Alizaliwa mwaka 1254. Alamut iliangukia mikononi mwa Wamongolia mwaka 1256, yeye akiwa bado mtoto mchanga, basi hakuyaona anayoyasimulia. Tena hata yeye anataja kinywaji, si bangi.

Inaniuma kuona hadithi hii bado inasimuliwa kama historia, kwa sababu wenyewe wapo na tunaishi nao: Waismailia wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ambao imamu wao ni Aga Khan, ni Wanizari hao hao.

Dhana: Neno limetokana na Kiarabu asās, yaani msingi, lililotupa sisi asasi.

Ukweli: Linavutia sikio la Mswahili, ila maandishi ya zama zile hayaliungi mkono. Barua ya Wafatimi, watawala wa Misri wa wakati huo, ya mwaka 1123 inawaita hashishiyya waziwazi.

Dhana: "Assassin" ni muuaji yeyote.

Ukweli: Hapana. Ni yule anayemvizia mtu mashuhuri, kwa siasa au kwa malipo. Aliyemuua jirani yake katika ugomvi wa mpaka wa shamba, Kiingereza humwita "murderer".