Drafti ya meli ni nini, na kwanini meli nyingine haziingii bandari ndogo

Ukipanda pantoni pale Magogoni kwenda Kigamboni kuna siku inabidi msubiri kidogo maana kuna meli inaingia bandarini, na wengi tunatoa simu tunapiga picha yale makontena huko juu. Mi nakuomba siku nyingine angalia chini, pale meli inapokutana na maji. Utaona namba zimepakwa rangi kwenye omo (pua ya meli) zinapanda kama ngazi, nyingine ziko katikati ya meli na nyingine kule tezini (nyuma), pande zote mbili. Hizo namba ndo zinaonyesha drafti.

Drafti (sio ile tunayocheza kijiweni kwa vizibo vya soda) ni kimo cha sehemu ya meli iliyozama, yani kuanzia mkuku kule chini kabisa mpaka usawa wa maji. Meli ikiwa tupu inaelea juu, unaliona tumbo lake, mara nyingi jekundu, ikijaa mzigo lile jekundu linazama. Kwahiyo meli ileile inaweza kuingia Dar na drafti ya mita 10 ikatoka na mita 6, inategemea imeshusha nini na imepakia nini. Kuzisoma ni rahisi. Kwenye alama za mita kila tarakimu ina urefu wa sentimita 10 na unasomea kwenye mguu wake, maji yakigusa mguu wa 8 drafti ni mita 8 kamili, yakiifunika yote mpaka kichwani ni mita 8 na sentimita 10.

Sasa kuna kitu kilichonifanya nizipende hizi namba. Chukua meli ya kawaida ya ngano au mbolea, urefu kama mita 180 na upana kama mita 30. Meli hiyo ikizama sentimita moja tu zaidi ujue umeongezeka mzigo wa karibu tani 50. Sentimita moja! Hapo ni karibu semi mbili zilizojaa. Ndo maana ngano inayokuja bila magunia, imemwagwa tu ndani ya meli, inaweza kupimwa bila mzani: wanasoma drafti kabla ya kushusha, wanasoma tena baada ya kushusha, wanatoa hesabu ya mafuta na maji yaliyomo melini, wanaangalia na uzito wa maji yenyewe kwasababu maji ya chumvi yanabeba zaidi kuliko ya mtoni au ziwani, na tofauti inayobaki ndo uzito wa ngano. Msomaji akikosea sentimita mbili kwa uzembe kuna mtu amepoteza tani 100 kwenye makaratasi.

Turudi kwenye bandari. Bandari nayo ina kina chake, na meli haiwezi kuingia kama kina kinalingana na drafti yake, lazima ibaki nafasi ya maji chini ya mkuku, la sivyo ikiyumba kidogo tu inagusa chini. Hapa Dar kwenye mradi ulioanza 2017 gati namba 1 hadi 7 zilichimbwa zifikie mita 14.5, na kazi yote ile ilikuwa kwa ajili ya namba hizihizi za kwenye omo, maana meli kubwa ikija nusu mzigo kwasababu ya kina gharama ya kila tani inapanda na tunailipa sisi dukani.

Bandari ndogo za pwani hazina bahati hiyo. Tanga mpaka miaka michache iliyopita meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali huko, mzigo unashushwa kwenye matishari (vyombo bapa vya kubebea mzigo), tishari linavutwa na tagi mpaka gatini, halafu unashushwa tena. Mzigo mmoja unashikwa mara mbili, na muda unaenda. Ikabidi na kule wachimbe.

Njia nyingine ni kusubiri maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu inapita mita 3, kwahiyo meli isiyoweza kupita mlangoni saa nne asubuhi inaweza kupita vizuri saa kumi jioni. Maji mafu yakiwepo (yale yasiyojaa wala kupwa sana) faida hiyo inapungua sana. Majahazi yenyewe yanafanya kinyume kabisa, yanaingia maji yamejaa, yanakubali kupwelewa mchangani, watu wanashusha mzigo kwa mabega, maji yakirudi yanaelea yanaondoka.

Halafu utaona ubavuni, katikati, kuna duara lenye mstari umepita kati na pembeni vimistari vyenye herufi. Ile ni alama ya mwisho wa kupakia. Uingereza iliiweka kwenye sheria 1876 baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigana sana kwa ajili ya mabaharia waliokuwa wanakufa kwenye meli zilizojazwa kupita kiasi. Vimistari ni vingi kwasababu bahari ya joto iliyotulia inaruhusu kuzama zaidi kuliko bahari ya baridi yenye dhoruba. Mi kila nikiliona lile duara nakumbuka MV Bukoba 1996 na MV Spice Islander 2011, vyombo vyote viwili vilizama vikiwa vimezidisha, na roho inaniuma.

Na zile meli unazoziona zimesimama nje ukiwa Coco Beach, sio kwamba zote zimeshindwa kuingia kwa sababu ya drafti. Nyingi zinasubiri zamu ya gati tu. Zilizojaa utazijua, zimekaa chini sana, lile jekundu halionekani.