Je, wajua? Kwa nini bendi iliyoanzia Arusha ikaja kuwa ya Wakenya

Juzi kwenye Noah ya Namanga dereva kaweka zilipendwa, ikafika zamu ya Sina Makosa ya bendi ya Les Wanyika, dada mmoja Mkenya siti ya mbele akasema kwa kujiamini kabisa "hii ni ngoma yetu hii", babu wa siti ya nyuma akamjibu "mwanangu hao walitoka huku kwetu". Ubishi ulianzia Ngaramtoni ukaenda mpaka Longido. Mimi nilinyamaza ila moyoni nilijua wote wawili wana haki, na stori yenyewe inapita hapa hapa Chuga, yaani Arusha.

Iko hivi. Wilson Kinyonga na mdogo wake George walikuwa vijana wa Tanga, miaka ya 60 wakapiga na Jamhuri Jazz ya huko huko Tanga. Mwaka 1970 wakapanda huku Arusha, na ndugu yao mwingine William, wakaanzisha Arusha Jazz. Hawakukaa bana. Mwaka uliofuata, 1971, hao Mombasa, na huko ndiko jina la Simba Wanyika likashika (ni simba wa nyika tu, mimi mpaka nimeota ndevu nilidhani Wanyika ni kabila). 1975 wakaingia Nairobi. Halafu 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitoa wakaunda Les Wanyika, akaingia na Mtanzania mwingine, John Ngereza. Kwa hiyo ukifuata huo ukoo kurudi nyuma unakutana na bendi iliyokuwa na jina la mji wetu.

Sasa swali, kwa nini hawakushuka Dar?

Jibu kubwa ni santuri. Enzi hizo Tanzania kurekodi maana yake ni Radio Tanzania Dar es Salaam, mnaingia studio, mnarekodiwa kwenye tepu, wimbo unapigwa redioni nchi nzima inauimba, lakini ukienda dukani sahani ya kununua huikuti kirahisi kwa sababu nchi haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Nairobi kiwanda kilikuwepo, makampuni kama Polygram yalikuwepo, na mtaa wa River Road kulikuwa na maduka na maprodyuza wadogo kibao. Yaani huku wimbo unakupa jina, kule wimbo unakupa jina na unauzwa. Halafu bendi zetu nyingi zilikuwa mali ya taasisi, NUTA Jazz kwa mfano ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki anapokea mshahara kama karani. Sisemi ni vibaya, mshahara ni mshahara na vyombo ananunua mwajiri, ila kijana mwenye gitaa lake na nyimbo zake kichwani lazima macho yaende kule kwenye soko.

Cha pili ni lugha, na hapa ndipo panapoinogesha hii stori. Kenya kulikuwa na wanamuziki wakali sana, benga ya Kijaluo acha kabisa, lakini wimbo wa Kijaluo soko lake la kwanza ni Wajaluo na wa Kikikuyu ni Wakikuyu, ila wimbo wa Kiswahili unauzika Kisumu, Nakuru mpaka Mombasa bila kuuliza mtu kabila lake. Halafu Kiswahili chenyewe kiwe cha mtu wa Tanga! Mbona walikuwa wanajipigia tu.

Cha tatu kiko kwenye ramani. Arusha mpaka Namanga ni kama kilomita 110, Namanga mpaka Nairobi kama 160. Dar ni zaidi ya 600. Mtu wa Moshi naye akitoka Holili akavuka Taveta anaiona Voi kabla hajamaliza kuhesabu milima ya Upare.

Sasa Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na makao makuu yalikuwa hapa hapa Arusha kwa hiyo mji huu uliumia mara mbili, ofisi zimekufa na barabara ya Nairobi nayo ndio hiyo imelala. Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983, baada ya Nyerere, Moi na Obote kukutana Arusha. Angalia hiyo miaka vizuri. Les Wanyika imezaliwa 1978, yaani Watanzania wanatengeneza jina Nairobi wakati njia ya kurudia kwao ina komeo. Lakini mawimbi ya redio hayagongwi muhuri, nyimbo zilirudi nyumbani zenyewe, mzee wangu anasema walikuwa wanategea stesheni ya Kenya usiku antena imefungwa waya mpaka kwenye mti wa parachichi.

Vitabu navyo vina mambo hayo hayo. Mkenya wa sekondari aliwahi kusomeshwa riwaya ya Utengano ya Mzanzibari Said Ahmed Mohamed kwenye somo la Kiswahili, na sisi huku kwenye somo la Kiingereza tukapewa Is It Possible? ya Henry ole Kulet, Mmasai wa Narok. Wao wanaazima Kiswahili kwetu, sisi tunaazima Kiingereza kwao, ni kama majirani wanaopeana chumvi na kiberiti. Nakumbuka darasani kwetu wenzetu wa Monduli ndio waliokuwa walimu siku hiyo, kila desturi iliyomo mle walikuwa wanaijua kwao, wakati mwandishi ni wa ng'ambo ya mpaka. Ken Walibora naye, Mkenya, Siku Njema yake kaianzishia Tanga. Tanga tena!

Siku hizi mambo yamegeuka, studio ziko Dar tangu miaka ya 90, huhitaji kumfuata mtu mwenye kiwanda cha sahani, na bongo fleva inaingia Nairobi bila hata msanii kupanda gari.

Tulipofika Namanga dada yule akamuuliza babu, hiyo Arusha Jazz ilikuwa inapiga ukumbi gani? Babu akakuna kichwa, akasema hakumbuki, akashuka na kifurushi chake huku anaimba ile sehemu ya gitaa kwa mdomo.