Je, wajua kwa nini diski ya mashine pepe husuasua inapoandika mahali papya?

Ukiunda mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, na kuipa diski ya gigabaiti 100, mara nyingi gigabaiti hizo bado hazipo. Mfumo endeshi ulio ndani ya mashine unaziona zote, lakini kwenye hifadhi halisi kuna faili dogo tu, linalokua kadiri data inavyoingia. Diski ya namna hii huitwa nyembamba. Inabana nafasi vizuri sana, ila deni lake hulipwa wakati wa kuandika. Ndiyo maana programu inayomimina data mpya huweza kusuasua, huku nyingine, kwenye hifadhi hiyo hiyo, ikiandika juu ya data ya zamani bila shida.

Tulitazame tukio moja kwa karibu. Kwenye VMware ESXi, programu inayoendesha mashine pepe kwenye seva, mfumo wa mafaili wa VMFS hugawa nafasi kwa bloku, yaani vipande, za megabaiti 1. Hifadhidata ya PostgreSQL inataka kuandika ukurasa wa kilobaiti 8 mahali ambapo hapajawahi kuguswa. Seva mwenyeji, yaani ile halisi inayoibeba mashine pepe, hutafuta kwanza bloku iliyo wazi, ikasajili kwamba bloku hiyo sasa ni mali ya diski hii, ikaijaza sifuri, ndipo zile kilobaiti 8 zipate nafasi. Kurasa nyingine 127 zinazoweza kuingia kwenye bloku hiyo zitapita moja kwa moja. Data ikiwa inatua huku na kule, karibu kila ukurasa huangukia bloku mpya, na safari nzima inaanza upya.

Sifuri hizo ni za nini? Bloku iliyo wazi si tupu. Faili likifutwa, kwa kawaida kinachoondolewa ni jina lake na kumbukumbu ya mahali lilipokaa. Baiti zenyewe hubaki. Bila sifuri, mashine pepe mpya ingeweza kusoma mabaki ya nywila au barua za mashine nyingine iliyokuwa hapo. Kwa hiyo ucheleweshaji huu una sababu nzito, na nisingependa mtu atafute njia ya kuuzima.

Kinachowezekana ni kuilipa kazi hiyo mapema, na hapa wengi hukosea. Diski nene ziko za aina mbili. Ya kwanza hutengewa nafasi yote siku inapoundwa, lakini bloku zake hujazwa sifuri pale tu zinapoguswa. Ya pili hutengewa nafasi na kujazwa sifuri yote kabla ya kuanza kazi. Mtu akitoka kwenye diski nyembamba na kuingia aina ya kwanza, bado kila bloku mpya itasubiri sifuri zake. Aina ya pili ndiyo inayoondoa kusubiri huko.

Kubadilisha hakuhitaji kusakinisha mashine upya. Chukua chelezo, ondoa snapshoti zote (nakala za hali ya mashine kwa wakati fulani), zima mashine, kisha tumia amri ya ESXi ya vmkfstools kuigeuza diski iwe ya aina ya pili: chaguo la -j ikiwa sasa ni nyembamba, -k ikiwa ni nene ya aina ya kwanza. Kama mashine haiwezi kuzimwa, Storage vMotion, zana ya VMware ya kuhamisha diski za mashine inayoendelea kufanya kazi, huihamishia hifadhi nyingine huku ikibadilisha aina ya diski. Kwenye Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Microsoft, diski inayokua hugeuzwa kuwa ya ukubwa maalumu kwa amri ya Convert-VHD. Popote ulipo, hakikisha kwanza kwamba nafasi kamili ipo kweli. Na usiache snapshoti ikikaa baada ya hapo, kwa sababu maandishi mapya yataanza kwenda kwenye faili lake, ambalo nalo hukua kidogo kidogo.

Sishauri kubadilisha kila diski. Iliyokwisha kujaa haina bloku mpya za kusubiri. Hifadhi inayojua kujaza sifuri yenyewe, bila kuzipitisha kwenye mtandao, tayari imepunguza sehemu kubwa ya mzigo. Faida utaiona kwenye hifadhidata inayokua haraka.

Ukipima, pima kwa kuandika mahali ambapo hapajawahi kuandikwa. Jaribio likirudia faili lile lile, raundi ya pili itakwenda kasi hata kwenye diski nyembamba, maana bloku zake zimekwisha kutengwa na kujazwa sifuri katika raundi ya kwanza.