Kibodi mpya, F2 bubu: usiirudishe dukani kwanza

Wiki iliyopita mhasibu mmoja alinijia na kibodi iliyokuwa bado ndani ya boksi lake. Ni kibodi ya mekanika, nzuri, ameinunua kwa fedha yake mwenyewe, akaichomeka kwenye kompyuta ya mezani yenye mfumo endeshi wa Linux Mint. Herufi zote zilikuwa zinaandika. Tatizo lilikuwa ndani ya LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu: F2, anayoitumia kutwa nzima kuhariri seli, haikufanya kitu. F4, ile ya kuweka alama za dola kwenye fomula, kimya. F11 ikawa inapunguza sauti. Muuzaji alikwishamwambia kibodi ni mbovu. “Kaka, mimi naitaka F2 yangu tu,” akaniambia.

Kibodi ilikuwa nzima. Kesi hii naikuta mara kwa mara, na huniuma kuona mtu anarudisha kifaa kizuri, au anaiondoa Linux yote, kwa ajili ya safu moja ya vitufe.

Ukibonyeza kitufe, kibodi haitumi herufi, inatuma namba. Draiva, yaani programu inayokiendesha kifaa, iliyo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) inaipokea namba hiyo na kuigeuza kuwa msimbo. Juu yake ndipo unapokuja mpangilio wa kibodi, ule unaouchagua kwenye mipangilio ya mfumo, nao ndio unaoamua kama msimbo huo utatokea kama `a`, `@` au alama nyingine. Kosa la chini halitibiki kwa kugusa mpangilio wa juu. Kwa hiyo mimi huanzia chini, kwa amri hii kwenye terminali:

`sudo evtest`

Programu hii itakuorodheshea vifaa vyote vya kuingizia. Usishangae kibodi moja ikitokea mara mbili au tatu. Kibodi nyingi hujitangaza kama vifaa kadhaa, kimoja cha herufi, kingine cha vitufe vya sauti na muziki. Hapa wengi hupotea: wanachagua kifaa kisicho cha herufi, wanabonyeza, hawaoni kitu, wanaamua kibodi imekufa. Jaribu vyote. Na usiandike nywila wakati evtest iko wazi, maana kila unachobonyeza kinaonekana kwenye skrini.

Tulipobonyeza F2 nilitarajia kuona `KEY_F2`. Ikatoka `KEY_BRIGHTNESSUP`. Yaani kitufe kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa, ila kilikuwa kinaomba mwanga wa skrini uongezwe, na ile kompyuta ya mezani haikuwa na namna ya kuliitikia ombi hilo. Ndiyo maana yeye aliona kimya.

Hatua iliyofuata ilikuwa `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Kwenye orodha kibodi yake ilisomeka `05ac:024f`, Apple, Inc. Aluminium Keyboard. Kwenye boksi hakuna neno Apple popote. Namba `05ac` ni ya kampuni ya Apple, lakini wapo watengenezaji wengine wanaoitumia ili vitufe vya sauti na mwanga vifanye kazi kwenye Mac bila kusakinisha chochote. Linux inaamini inachoambiwa: inaikabidhi kibodi kwa draiva ya `hid_apple`, nayo inaifuata desturi ya Mac ambako F2 ni mwanga mpaka ushikilie kitufe cha Fn. Kerneli mpya zina orodha ya baadhi ya kibodi za namna hii na huzirekebisha zenyewe, lakini yako isipokuwemo utaikuta hali hiyohiyo.

Kama kibodi ina swichi ya Mac na Windows ubavuni, isogeze kwanza. Yetu ilikuwa tayari upande wa Windows na haikusaidia. Basi:

`echo 2 | sudo tee /sys/module/hid_apple/parameters/fnmode`

F2 ikaamka palepale. Namba 2 maana yake F kwanza, sauti na mwanga kwa Fn. Namba 1 ni kinyume chake. Amri hiyo hupotea ukizima mashine, hivyo tukaiandika ibaki:

`echo "options hid_apple fnmode=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/hid_apple.conf`

`sudo update-initramfs -u`

Usiiruke hiyo ya pili kwenye Mint, Ubuntu au Debian, kwa sababu draiva inaweza kupakiwa mapema kabla faili lako halijasomwa. Kwenye Fedora ni `sudo dracut --force`.

Nikadhani tumemaliza, kumbe katika kuhangaika kwake alikuwa ameujaribu pia mpangilio wa kibodi. Akaandika “ng'ombe”, ikatoka “ngómbe”. Hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko wengi. Kwenye mpangilio wa Kiingereza cha Marekani wa kimataifa, kibainishi (') kinasubiri herufi inayofuata ili kuiwekea alama juu yake, na ng' yetu mara nyingi inafuatwa na irabu. “Ng'ang'ania” inakuwa kituko. Rudi kwenye mpangilio wa kawaida, `us`. Au kama unahitaji kuandika na Kifaransa, chukua ule wa `altgr-intl`, ambao unasubiri pale tu unaposhikilia AltGr, yaani Alt ya kulia. Hili ni kosa la juu: evtest haitakuonyesha tofauti yoyote.

Kibodi inayomeza herufi ya kwanza kila ukitulia kidogo ni suala jingine, mara nyingi la USB kulazwa ili kuokoa umeme. Tafuta faili la `power/control` la kifaa hicho chini ya `/sys/bus/usb/devices`; ikiwa ndani yake pana `auto`, weka `on` uone.

Ila evtest ikikaa kimya kabisa kwa kitufe kimoja, kwenye vifaa vyote vilivyoorodheshwa, na kitufe hichohicho kikagoma kwenye kompyuta nyingine pia, hapo muuzaji ana haki. Irudishe kabla udhamini haujaisha.