Eti Kvilda kuna baridi kwa sababu iko juu? Hapana jamani

Wiki hii tena. Nimepeleka wageni Kvilda, milima ya Šumava, kusini magharibi mwa Ucheki, hata hatujafika mzee mmoja anasoma kwenye simu kwamba kijiji kiko mita 1,065, anafunga zipu ya jaketi, ananiambia, "Ndiyo maana baridi hivi kijana, tuko juu sana." Nikamwambia shikamoo mzee, ila Nairobi iko juu kuliko hapa kwa mita kama 700 na watu wanashinda na tisheti.

Najua, mtasema Nairobi iko karibu na ikweta. Haya, tuiache, tubaki hapo hapo Šumava. Jirani kuna Churáňov, kituo cha hali ya hewa, mita 1,118, yaani juu kuliko Kvilda, na usiku ule baridi inapouma kweli kweli Churáňov inakuwa na nafuu kubwa tu. Sasa kama ni urefu wa mlima, inakuwaje?

Inakuwa hivi. Hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji. Usiku anga ikiwa safi na upepo hakuna, ardhi inatoa joto lake lote linaenda zake juu, hewa iliyoigusa inapoa, inaanza kuteleza polepole kutoka miteremkoni mpaka inajaa kwenye bonde kama uji kwenye bakuli na haina pa kutokea. Churáňov iko mlimani, baridi yake inamwagika inaenda kwa wengine. Kvilda na majirani zake wako ndani ya bakuli. Na bakuli baya kuliko yote ni Jezerní slať, kinamasi kilichopo kati ya Kvilda na Horská Kvilda, maana pale kuna kuvumwani, mimea midogo laini kama zulia, juu ya mboji, ikikauka juu inakuwa kama godoro, joto la chini halipandi. Weka na theluji juu yake ndiyo basi tena. Tarehe 30 Januari 1987 palipimwa nyuzi 41.6 chini ya sifuri. Kwenye kinamasi hicho, siyo kilele chochote.

Halafu kuna wanaosema hiyo ndiyo rekodi ya Ucheki. Siyo. Rekodi ni ya Litvínovice, nje kidogo ya mji wa České Budějovice, 42.2 chini ya sifuri, tarehe 11 Februari 1929, na Litvínovice iko tambarare, haifiki hata mita 400! Nikishasema hili huwa nanyamaza nawaangalia tu.

Kwa hiyo mkija, hata Julai, bebeni kofia ya sufu na glavu, kwenye kinamasi sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, inaweza kuanguka mwezi wowote. Kila safari kuna anayenicheka hotelini, na alfajiri ananiomba glavu zangu. Sitoi.

Mengine haraka haraka. Mto unaopita Kvilda unaitwa Teplá Vltava, maana yake Vltava ya joto, ndiyo, hapo hapo penye baridi hiyo, msinidai maji ya kuoga. Na chemchemi yake haiko kijijini, iko mlimani Černá hora, ni kutembea, vaeni viatu vya maana. Miti iliyokauka imesimama wima siyo moto wala sumu, ni mbawakavu wa magome, wadudu wanaotoboa magome ya miti, hasa baada ya dhoruba Kyrill ya Januari 2007 kuangusha misitu wakazaliana kwenye miti iliyoanguka.

Na hili la kusema Kvilda ndiyo watu wanaishi juu kuliko wote Ucheki. Kama manispaa, sawa. Lakini kijiji cha Filipova Huť kiko juu zaidi, ila kimehesabiwa ndani ya manispaa ya Modrava. Na zamani kijiji cha Bučina kilizizidi zote, kule mpakani na Bavaria ya Ujerumani, zaidi ya mita 1,100. Wenyeji wa huku walikuwa wanasema Kijerumani, Kvilda yenyewe waliiita Außergefild. Mwaka 1938 eneo likachukuliwa na Hitler, baada ya vita Wajerumani wakafukuzwa, mpaka ukafungwa kwa waya na askari, na Bučina ikabomolewa. Ukifika leo utakuta kipande cha ule uzio kimejengwa upya ili watu wapige picha.