Nini maana ya ulimwengu sambamba katika hadithi za kisayansi?

Ulimwengu sambamba ni ulimwengu mwingine uliopo sawia na huu wetu, una ardhi ileile na mara nyingi watu walewale, ila mahali fulani mambo yalikwenda tofauti. Huku uliolewa, kule uliikataa posa. Wanafizikia nao wana toleo lao: mwaka 1957 Mmarekani Hugh Everett alipendekeza kuwa matokeo yote yanayowezekana ya kipimo cha kwantamu, yaani cha chembe ndogo mno kama elektroni, hutokea kweli, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Katika nadharia hiyo hakuna mlango wa kuvukia tawi la pili. Kwenye riwaya, mlango ndio kila kitu.

Waandishi wanaosimulia mapenzi ya jinsia moja wameitumia sana dhana hii, na sababu haiko mbali. Mhusika anabaki yuleyule, mazingira ndiyo yanayobadilishwa, na msomaji anajionea kipi ni cha mtu mwenyewe na kipi alivishwa na jamii. Katika riwaya ya The Female Man (1975), Joanna Russ aliwakutanisha wanawake wanne ambao kwa asili ni mtu mmoja. Jeannine anatoka Marekani ambako mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 haukuisha, naye haoni njia ya maisha zaidi ya kuolewa. Janet anatoka Whileaway, ambako wanaume walitoweka karne nyingi nyuma. Ana mke, ana binti, wala haoni kuna la kueleza hapo.

Suala la tabaka limeshikwa barabara zaidi na Micaiah Johnson katika The Space Between Worlds (2020). Humo mtu hawezi kuingia ulimwengu ambao pacha wake wa huko bado yu hai. Basi kampuni inayotuma watu kwenye dunia hizo inawatafuta nani? Maskini, maana ndio wanaokufa mapema karibu kila mahali. Cara, msichana wa kitongoji cha jangwani nje ya ukuta wa mji wa matajiri, amekwisha kufa katika dunia 372, na vifo hivyo ndivyo vyeti vyake vya kazi. Ukatili huo umeandikwa kwa lugha ya idara ya ajira, na sijasoma maelezo ya umaskini yanayouma kuliko hayo. Juu ya yote anampenda Dell, msimamizi wake, binti wa upande wa ndani wa ukuta. Kuwa wote ni wanawake si tatizo la mtu. Ukuta ndio tatizo.

Filamu ya Everything Everywhere All at Once (2022) inageuza mambo. Evelyn, mwenye duka la kufulia nguo anayesakamwa na kodi, anamtambulisha mpenzi wa kike wa binti yake kwa babu kuwa ni "rafiki" tu. Katika ulimwengu mwingine, Evelyn huyohuyo anapendana na mwanamke wa ofisi ya kodi, yuleyule anayemsakama huku.

Tusichanganye dhana hii na historia mbadala, ambamo tuseme vita fulani viliisha kwa namna nyingine na hadithi ikabaki humohumo. Hapo hakuna anayevuka, kwa hiyo mhusika hakutani kamwe na yule ambaye angekuwa.